Kiu ya Kuazima

Ndahani, kunywa.
Jogoo wa kina Mazoya amewika, hicho ni kikombe cha kwanza.
Kengele ya shule, ile rimu ya lori, cha pili.
Cha tatu ni treni ya mizigo ya kwenda Manyoni,
na ikichelewa siisubiri.

Miaka kumi na tisa ulichemsha chumvi hapa Bahi,
ukikwangua udongo mweupe wa kiangazi, ukiuchuja,
ukirudi na nyufa za visigino zimeganda weupe.
Ulikuwa ukifika humwamkii mtu.
Moja kwa moja mtungini,
koo likipanda na kushuka kama pampu ya mkono,
ndipo useme, "Haya, hamjambo?"

Mtungi uko palepale.
Unaupita kama mdeni anavyompita mwenye duka.

Walipokutoa kile kivimbe kichwani
walikitoa na kiu yake.
Hatukujua. Nani huhesabu kiu ya mtu mzima?
Nilidhani umenuna.
Ukaanza kulala mchana,
ukaniita Sechelela, dada yako aliyekwisha kufa,
ukatafuta viatu ulivyokuwa umevivaa.
Mate yako yakawa mazito kama utomvu wa mnyaa.
Majirani walisema mengi. Mmoja alitaja jina la mtu.

Hospitali wakatoa damu, wakaandika:
sodiamu, mia moja sitini na nane.
Chumvi uliyoiuza kwa debe
ilikuwa imebaki nawe.
Daktari, binti wa juzi tu, akaniambia,
"Mama, huyu amekauka na maji yapo ndani ya nyumba."
Nikataka kukunywesha ndoo nzima.
Akanishika mkono: polepole, siku hadi siku.
Nilimwelewa, maana nimelima mbugani;
udongo mweusi uliopasuka, ukiunywesha kwa pupa,
huvimba ukabomoa ukuta.

Basi kila asubuhi nakupandisha
kwenye mizani ya mnunuzi wa alizeti.
Anacheka, "Leo unamuuza bei gani?"
Kilo hamsini na saba, vikombe vinane.
Hamsini na sita, tisa.
Upepo wa Agosti ukivuma naongeza bila kuuliza mizani.
Nachora mkaa ukutani, mstari kwa kikombe.

Jana, kikombe mkononi, uliniuliza,
"Hivi ilikuwaje?"
"Nini?"
"Kiu."
Nikasema, ni kama... nikanyamaza.
Nikakukumbusha Oktoba ile, kisima kimekauka,
tumechimba mchanga wa korongo mkono hadi bega,
maji yakaja kijiko kijiko, ya tope,
ukanipa mimi kwanza, nawe mikono inakutetemeka.
Ulisikiliza kama mtu anayesimuliwa safari
aliyolala njia nzima.
"Mikono yangu? Ilitetemeka?"
Kisha ukanywa, ukamaliza,
kama anayetoa mchango wa msiba wa mbali.

Usiku koo langu huniamsha.
Naenda mtungini kwa kunyata,
nazamisha kata bila kugonga ukingo,
nameza taratibu usije ukasikia.
Maji yetu, Ndahani, yana chumvi kidogo, unayajua,
na saa ile ni matamu hata naona haya.
Mkono umeshashika mkaa
ndipo nakumbuka kwamba kata hii
hakuna aliyeniamuru.