Ila

Kwetu Tanga jibu humngoja muulizaji mlangoni.
Hajamaliza "Habari za..."
nami nimeshasema nzuri,
kichwa ndani ya gurudumu, spoku mdomoni.
Wenzangu huongeza:
nzuri, ila mguu.
Nzuri, ila bwana hajarudi tangu Ijumaa.
Nzuri, ila mtoto ndiyo hivyo, tumemzika jana.
Kila mtu na ila yake, huikung'uta kizingitini
kama mchanga wa ndala.
Mimi hukomea kwenye nzuri.

Miaka kumi na tisa naziba pancha
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Mtu akikuona umeinamia gurudumu lake
husema mwenyewe, bila kuulizwa.
Shembilu wa mikate kanieleza deni lake lote
nilipokuwa napiga msasa.
Mwalimu wa Chumbageni kalia,
nikampa kitambaa chenye grisi.
Wanadhani mwenye masikio wazi
na mlango wake uko wazi.

Nilipokuwa na miaka tisa
nilimwambia mtu mmoja kitu ninachokiogopa.
Kabla ya alasiri kilishafika Makorora,
kimepewa jina,
nami nikaitwa jina hilo hadi darasa la saba.
Jina lenyewe silisemi.

Mwanatumu alinivumilia miaka sita.
Siku anafunga mizigo alisema, taratibu,
kama anayesoma bei:
"Kuishi nawe ni kubisha hodi nyumba yenye taa.
Taa inawaka. Kikohozi nakisikia.
Hodi, hodi,
na karibu haiji."
Nilikuwa na la kumjibu.
Nikalishushia na chai.
Halafu nikamkazia breki za baiskeli yake,
za mbele na za nyuma, asije akaanguka njiani.
Hayo ndiyo niliyomwambia.
Sijui kama aliyasikia.

Mwezi wa Shaabani mama alifariki, Pangani.
Nikaenda Alhamisi, nikarudi Jumamosi,
saa mbili asubuhi beseni limejaa maji, kazi.
"Ulikuwa wapi, fundi?"
"Pangani."
"Habari za huko?"
Unajua nilivyojibu.

Wiki ya tatu akaja Mwanakombo wa mihogo,
kaambiwa na utingo wa basi.
Hakusalimu.
"Siku ishirini na moja unakula mihogo yangu,
unanirudishia sahani, unasema ahsante!
Umekaa Tanga bila kukaa tanga.
Hata chozi letu umetuona hatustahili?"
Watu wakageuka. Mchuuzi wa machungwa akaacha kumenya.
Nikachukua tyubu iliyokuwa karibu, nikaichovya majini,
maana mikono ilikuwa inatafuta mahali.

Tyubu haina kinywa.
Lakini izamishe, uibane kidogo,
itasema pale pale inapoumia:
viputo vidogo, kimoja kimoja,
kama mtoto anayejifunza herufi.
Ndivyo ninavyojua pa kuweka kiraka.
Mimi nani atanichovya?
Nasema uongo. Wamejaribu.
Mimi ndiye niliyekataa maji.

Watu husema moyo wangu jiwe.
Jiwe halichoki.
Mimi kufikia magharibi mabega yameniuma
kwa kuegemea mlango ambao hakuna anayeusukuma.

Asubuhi ya pili yake akapita tena, sinia kichwani,
uso hauko kwangu.
"Habari za asubuhi," akasema, basi tu, kwa ada.
"Nzuri," nikasema.
"Ila."

Akasimama.
Lori la saruji likapita, vumbi likapanda, likatua.
Yeye yu pale pale.
Neno halikuja. Nilitazama huku na huku dukani
kama mtu aliyeombwa chenji.
"Ila pampu," nikasema. "Pampu inavuja."

Pampu ilikuwa ukutani, mpya,
karatasi ya dukani haijabanduliwa.
Aliiona. Nikamwona anaiona.
Akateremsha sinia, akavuta kigoda,
akafuta kiti kwa pindo la kanga.
"Pole," akasema.
"Imeanza lini kuvuja?"