Mchezo

Usiniulize bei kwanza, Subilaga. Keti.
Mvua ya Tukuyu haina haraka, nami sina.
Injini ya marehemu nimeipasua jana jioni.
Nati kumi na moja zilitoka kwa heri,
ya kumi na mbili kwa patasi na matusi.

Hizi hapa, beringi mbili za krenki.
Nimeziosha kwa petroli, nikaziosha tena,
maana beringi chafu husema uongo:
grisi kuukuu huficha kelele
kama mgonjwa anayebana kikohozi
siku daktari anapopita kuruhusu watu.

Gwamaka, kijana wangu, anataka tutupe zote.
"Fundi, agiza Tunduma, kesho zimefika."
Zitafika, kweli, zinang'aa kama sahani za harusi,
chuma chake laini kama sabuni.
Mimi siziki chuma
kabla sijakishika mapigo.

Sikio langu la kushoto lilibaki kwenye mashine ya kusaga,
enzi za ushirika. Kwa hiyo nasikiliza kwa meno:
ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini nauuma,
nazungusha polepole.

Ya kushoto inapita tayani
kama mtu anayepiga mluzi akiwa mbali.
Ina mchezo, sikufichi,
unywele mmoja, haufiki wa pili.
Ingekuwa imeungua, ingegeuka rangi
ya ulimi wa mla zambarau. Haikugeuka.
Tazama njia ya goroli: kijivu, sawasawa,
imesuguliwa na kazi.
Hiyo ni Katumba. Hiyo ni Mwakaleli kupanda,
bwana shamba na miche ya chai kwenye karai,
karai limefungwa kwa mpira wa tairi,
na wewe mbele, juu ya tangi, umefumba macho.
Njia hiyo haikuiumiza.

Sasa ya kulia. Shika mwenyewe. Zungusha.
Kidole chako kimesikia?
Kr. Kr. Halafu inakwama,
kama mtu anayetaka kutaja jina
akalimeza.
Leta ukucha, upitishe hapa chini.
Vishimo. Saba. Vimeachana
kwa nafasi ileile ya goroli na goroli.
Barabara haichimbi hivi, barabara husugua pote.
Hivi huchimba maji
yakipewa muda.
Ilisimama wapi?

Stoo, unasema, nyuma ya magunia ya mbolea.
Miaka kumi na minne, chini ya turubai la bluu.
Mama hakutaka mtu aiguse.
Kila Jumamosi alilifunua, akalifuta tangi
kwa kitenge chake cha kanisani,
akalifunika tena, akafunga kamba.

Ndiyo maana tangi lina sura ya jana.

Turubai, Subilaga, huzuia mvua isiingie
na unyevu usitoke.
Usinitazame hivyo. Nazungumzia turubai.

Basi sikia hukumu yangu, Gwamaka naye asikie
hata kama anakunja mdomo:
ya kushoto inarudi kazini.
Krenki imenyooka, nimeiviringisha juu ya kioo.
Ya kulia imekwisha, na tutainunua nyingine
kwa mtu ninayemjua mimi, si Tunduma.

Naivunja sasa. Nyundo moja tu.
Ona watoto wa muuza mihogo, wameshafika barazani,
wamelowa, wanasukumana.
Kwao mchezo ni neno jingine kabisa.
Wape. Zimetoboka kidogo, hawatajali,
goroli ya chuma hupiga za kioo zote.

Ndaga, wamesema, wamekimbia na mvua yao.

Nilihesabu saba zikidondoka kwenye sinia.
Kiganjani mwa yule mkubwa nimeona sita.

Sikuulizi.
Funga tu mkono vizuri, ina kutu, itakuchafua.
Haya. Sasa uliza bei.