Kisu cha Samaki

Miaka minane tulimngoja Ovrin.
Juzuu ya pili ilimwacha ukingoni, ukurasa wa mwisho,
mkono mmoja umeshika ramani, wa pili umeshika hewa,
na nduguye Tesk nyuma ya mlango wa chumvi.
Miaka minane! Mtoto wa Hallbera alizaliwa, akaota meno,
akayang'oa, akajua kusoma,
akaanza kungoja naye.

Februari, ndege ndogo ya barua ikatua Bíldudalur,
huku kwetu magharibi ya Aislandi,
na nakala moja. Moja tu.
Jioni hiyo dhoruba ikafunga njia ya mlimani,
theluji ikapanda hadi madirishani,
nasi wasomaji ishirini na watatu
tukasimama maktabani, mabuti yanachuruzika maji,
tukikitazama kitabu kama paka atazamavyo mlango wa bucha.

Nani aanze?
Brynjar wa greda alisema ni yeye, maana huenda akafa barabarani.
Tukamwambia afe basi, zamu ni zamu.
Ndipo Steinvör mkutubi,
huyu huyu anayetutoza faini kwa kukunja pembe ya ukurasa,
akatoa mkobani kisu cha kupasulia samaki,
akafumba macho kama anayechinja kuku aliyemlea,
akakipasua kitabu mgongoni.

Sura arobaini na moja.
Sheria moja: ukishasoma, peleka nyumba ya pili,
na mdomo uwe jiwe.

Midomo ilikuwa mawe. Nyuso je?
Kiwandani, kwenye mkanda wa minofu,
nilimwona Hallbera akifuta macho kwa kiwiko, glavu zimejaa magamba,
nikajua: ishirini na tisa si sura ya kusoma ukiwa peke yako.
Nilipika kahawa kabla ya kuifungua.
Haikusaidia kitu.

Sitasema nani alibaki kwenye daraja la kengele.
Nitasema tu kwamba usiku ule taa za jikoni
ziliwaka moja baada ya nyingine, kuifuata ghuba,
kadiri sura ilivyopita mkono hadi mkono,
na mimi dirishani ningeweza kukuambia
Ovrin amefika wapi.

Sura ya mwisho ikakwama kwa Eldjárn, fundi wa injini.
Siku moja. Mbili. Ya nne tukavaa makoti,
tukaenda kumgongea, kumi na mmoja, tumefura.
Karatasi zilikuwa mezani, chini ya kopo la misumari,
hazijaguswa.
"Nisipoisoma," alisema, "bado yuko njiani."
Hakuna aliyemjibu. Hata Brynjar, ambaye hakosi jibu.
Dhambi ile ilikuwa yetu sote.
Mimi mwenyewe, tangu sura ya thelathini,
nilikuwa nikizilamba aya ncha kwa ncha,
kama mtoto na kipande cha sukari guru.

Tukaketi sakafuni. Aliyesoma ni mtoto wa Hallbera,
kwa sauti, akijikwaa kwenye maneno marefu,
na kila alipojikwaa tulishukuru.

Njia ikafunguliwa Machi. Brynjar akaleta sanduku:
nakala ishirini na tatu, mpya, zanukia gundi.
Tulizilipia. Zipo rafuni,
zimekaa wima kama wageni wasiojua wavue viatu au la.

Tunachoazimana ni kile kingine,
alichokishona Steinvör kwa uzi wa nyavu,
chenye doa la kahawa yangu,
magamba mawili matatu yanayometa ukiinamisha taa,
na sura ya kumi na saba kichwa chini.
Aliomba radhi, akataka kuifumua.
Tulikataa.
Ukifika hapo unakigeuza kitabu,
na kwa kurasa kumi na mbili
mtu akikuona kwa mbali
atadhani hujui kusoma.