Inchi Sabini na Tano

Niliipima kwa futi kabla sijaipima kwa macho.
Ukuta wa sebule, toka dirishani hadi mlango wa jikoni,
ulikubali, ukabakiza shubiri moja.
Kabati lilikataa: miguu ya kitu hiki imetanuka
kama ya ndama anayejifunza kusimama.
Basi mimi na Wendell, jirani,
tukaing'oa meza ya karakana, tukaiingiza ndani,
na theluji ya Moose Jaw ikatufuata hadi zuliani.

Dola mia sita kasoro moja. Toleo la mwaka jana.
"Rahisi huwa ghali," alisema Wendell,
kisha akaketi kungoja ughali ujitokeze.

Nina siku thelathini za kuirudisha.
Nimetoa daftari nililokuwa nikiandikia uzito wa ngano
miaka ile ya ghalani, na nimeandika kwa haki ileile:

Weusi wake si weusi. Usiku wa filamu
una rangi ya jivu la jana,
na pembeni, chini kushoto, mwanga unavuja
kama mlango uliorudishwa bila kufungwa.
Sauti ni ya mtu anayeongea ndani ya debe.
Ukikaa kiti cha wageni nyuso zinapauka;
wageni watavumilia.
Rimoti ina kitufe cha duka nisilolijua
na haina namba hata moja.
Lakini manjano! Shamba la kanola, mwezi wa Julai,
lilipita sekunde mbili kwenye tangazo la bima
nikajikuta nimesimama.

Ijumaa ndiyo ilikuwa mtihani: magongo ya barafuni.
Kile kisahani cheusi, kidogo kama kifungo cha koti,
kwenye runinga ya zamani kilikuwa uvumi tu;
ulijua kimepita kwa jinsi watu walivyogeuka.
Hapa nakiona. Kinaburuta kivuli nyuma yake,
na hilo nimeliandika. Lakini nakiona.

Stefa alivuta kiti chake hadi hatua moja na nusu.
Macho yake yametoboka katikati;
dunia huitazama kwa kandokando
kama anayechungulia ua wa jirani.
Miaka minne nimekuwa nikimtazamia:
sasa namba tisa kaanguka, sasa kainuka,
sasa kocha anavuta masharubu, kakasirika.
Masharubu aliyapenda kuliko mabao.

Ijumaa hiyo aligeuza shingo upande
kama kuku aliyeona punje,
akanyamaza kipindi kizima.
Nikadhani haoni kitu. Nikaandika: Stefa, hapana.
Ndipo akasema, bila kunitazama,
yaani akinitazama kwa namna yake:
"Orest. Masharubu ya kocha yako wapi?"

Ukutani, upana wa kitanda cha watu wawili,
shavu la kocha. Laini kama yai.
Wendell akakumbuka kwamba hajakoleo theluji ya mlangoni kwake,
akaaga.

"Kayanyoa," nikasema.
"Lini?"
"Juzi."
"Na kovu la kidevuni, ambalo hukuwahi kunitajia,
nalo kalipata juzi?"

Ningemwambia nini? Kwamba ule usiku wa kwanza
tulikuwa tunachapwa saba bila,
na yeye katoka kwa daktari mchana wake,
na sikuwa na kitu kingine cha kumpa?
Nikampa masharubu. Kisha yakawa ya kutunzwa,
wiki baada ya wiki, msimu baada ya msimu,
mpaka mimi mwenyewe nilianza kuyaona.

Boksi lipo karakanani, halijakunjwa.
Risiti iko mlangoni mwa friji, chini ya sumaku.
Nimeifuta ile hapana,
na kwenye safu ya kasoro, chini ya mwanga unaovuja,
nimeongeza neno moja: inaonyesha.

Kipindi cha tatu alirudisha kiti nyuma,
akafumba macho, akanyoosha miguu hadi kwenye goti langu.
"Haya," akasema, "nisimulie.
Na huyo kocha, mwambie ayafuge tena."