Nyuma ya Agosti

Oulu, Januari. Jua huchomoza saa nne
na kabla ya saa tisa limekwisha kujiendea.

Nilifeli mtihani wa vikomo
baada ya kuusoma ukurasa mara saba,
nikitikisa kichwa kila mstari, naam, naam,
kama mgeni anayecheka mzaha asiouelewa.

Eevamaija, chumba cha pili, hakunipa pole.
Alikifunga kitabu changu kwa kiwiko,
akanisukumia kalenda ya mwaka jana, mgongo juu:
"Andika. Bila kuchungulia."

Niliandika mistari miwili. Wa tatu ukanigomea.
"Hapo," akasema, "ndipo unapoanza kusoma.
Kwingine kote ulikuwa unatalii."

Tangu hapo, swali moja kwa usiku, mawili nikiweza,
la jana kwanza, kabla ya la leo,
maana jana huvuja.
Kosa silifuti. Nalizungushia wino mwekundu
na kuliuliza: ulipitia wapi?

Februari nilikaa siku nne na uthibitisho mmoja.
Siku ya tatu nikatoka kukwangua theluji mlangoni,
sifikirii chochote,
epsiloni ikaangukia mahali pake
kama koleo likigonga jiwe.
Nikakimbilia ndani na viatu vyangu vya matope,
nikaandika nyuma ya Agosti.

Mei nikapata tatu kati ya tano.
Si alama ya kutiliwa fremu.
Lakini kalenda imejaa hadi Desemba,
na jana Eevamaija kagonga mlango,
kalamu sikioni:
"Huu mstari wa tatu. Nionyeshe."