Kunguru Katika Wimbo wa Sita

Studio yangu ipo Buguruni, nyuma ya duka la vipuri.
Ukutani nimebandika trei za mayai mia mbili na kumi;
nyingine bado zina unyoya.
Kwaya huja. Watangaza sabuni huja.
Mwezi wa pili, lami ikishika kandambili kwa joto,
wakaja wanne waliovaa nyeusi tupu
kama waliofiwa wote siku moja.

"Albamu," akasema Nyamizi. "Nyimbo tisa.
Pesa tunayo ya siku nne."

Mwinjuma, wa besi, huchonga majeneza Keko.
Vumbi la mninga lilikuwa bado kwenye nyusi.
Hujua urefu wa mtu kwa kumwona tu akipita mlangoni.
Alinitazama. Nikaketi haraka.

Siku ya kwanza, ngoma peke yake.
Siku ya pili magitaa, mazito, ya kukokota,
kama kabati linaloburutwa juu ya saruji
usiku, ndani ya nyumba ambayo mwenyewe keshazikwa.
Siku ya tatu Kizito akafungua koo.
Sauti ile sijui niiite nini.
Ni ukoko: kile kinachoshika chini ya sufuria
maneno yakishapakuliwa.

Majirani wakamleta mjumbe.
Mzee Kondo, daftari kwapani, kalamu sikioni:
"Nimeambiwa humu mmefuga mashetani."
Nikamvika hedifoni, nikamwekea wimbo wa nne,
sauti ya Nyamizi, nyembamba, iliyolelewa na kwaya ya Kurasini,
ikipanda taratibu juu ya mngurumo wa Kizito
kama mtu anayepanda ngazi za wodini
na chupa ya uji
ambao hautanyweka.
Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakutikisa hata kidole.
Akaandika, akanigeuzia daftari nisome:
*Nimefika. Wanaomboleza. Saa nne usiku wawe wamemaliza.*

Siku ya nne, wimbo wa sita. Luku imebaki yuniti mbili.
Ubeti wa mwisho hauna ala.
Ni jina la mama yake tu, mara saba,
na ile ya saba haina sauti, midomo peke yake.
Hapo hapo, kwenye pengo lile,
juu ya bati: kraa.
Mmoja tu. Kunguru wetu hawa, shingo ya kijivu,
wezi wa vitumbua.

Fanueli akaangusha vijiti kwa kicheko. Kizito akatukana.
Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe;
nimefuta vikohozi vya wachungaji,
honi, majogoo, kwikwi ya bibi harusi.

"Muache," Nyamizi akasema.
"Hata siku ile alikuwepo."

Umeme ukakatika.
Tukakaa gizani watu watano, tunatiririka jasho,
harufu ya mninga katikati yetu,
na hakuna aliyeulizia mshumaa.

Zilitoka nakala mia. Arobaini zipo hapa, chini ya meza,
zimeegemea ndoo ya maji.

Jana kwaya moja ya Vingunguti ilikuwa inarekodi.
Katikati ya Amina, mlango ukalia, kiiii.
Mwalimu wao akaniangalia, akangoja nifute.
Akangoja.
"Fundi," akasema, "umelala?"