Mguu Upi, Daktari

Faili limenijia saa tatu usiku, jembamba,
karatasi tatu na duara la kikombe cha kahawa.
Hamdun bin Sleyum, miaka hamsini na moja,
mlinzi wa lango la shule.
Chini yake, kwa mwandiko wa mtu aliyeandika amesimama:
*ukano umekatika, mguu. Aonwe na mpasuaji.*

Mguu.
Utadhani binadamu kaumbiwa mmoja.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni herufi na nambari:
nasoma maumivu ya watu wa Ibra
nayakunja mpaka yaenee kisandukuni.
Kitabu changu kina mlango mzima wa goti kushuka kifundoni,
kano za mbele, kano za pembeni,
na ule mnene wa kisigino, S themanini na sita nukta sifuri,
unaobeba mwili wote na hausifiwi
mpaka siku utakapokatika.
Halafu: kulia au kushoto?
Halafu: umekatwa na tukio, au umejikatikia wenyewe?
S ni ajali. M ni maradhi.
Bima hulipa ajali. Maradhi huyaombea dua.

Na mimi nimemsikia. Hilo ndilo linaloniwasha.
Ukumbini, kwenye kiti cha magurudumu, akimwambia mkewe
kwa Kiswahili cha Ng'ambo kilichozeekea Sharqiya,
kile cha nyumbani kwetu, kisichoingia kwenye faili:

"Ghaniya, nilikuwa nacheza razha, harusi ya mtoto wa Thuweni.
Upanga nimeurusha, nimeudaka, watu wanaguta.
Nikaruka tena. Kutua tu, paa!
Nikadhani nimepigwa teke kwa nyuma.
Nikageuka nimtukane mtu.
Hapana mtu."

Akacheka. Kisha, sauti chini:
"Na vile vidonge vya kifua, siku kumi nimevimeza. Vina neno?"

Vina neno, mzee. Viko vidonge vinavyotafuna kano
kama mchwa ndani ya boriti,
nje rangi, ndani unga.
Lakini sikuulizwa mimi.
Na sheria ya chumba hiki imebandikwa juu ya printa:
KISICHOANDIKWA HAKIKUTOKEA.

Basi upanga haukutokea.
Harusi haikutokea, wala teke lisilo na mpigaji.
Siku kumi za vidonge hazikutokea.
Upo mguu tu,
unaning'inia hewani, hauna mwenyewe.

Kitabu kina nambari ya kuumwa na panya.
Kina nambari ya kuanguka kitandani.
Hakina nambari ya mtu mzima
aliyetaka kuruka kama alivyoruka kijana.

Ningeweza kuandika S nikanyamaza.
Nani angejua? Mshahara wa langoni naujua mimi,
baba yangu kaishi nao.

Nimemwandikia Daktari Sreejith:
Tafadhali, mguu upi?
Ulipobana shavu la mguu, unyayo uliitika?
Pengo ulilipapasa, vidole vingapi juu ya kisigino?
Alikuwa akifanya nini?
Ametumia dawa gani mwezi huu?

Swali la mwisho nimelifuta.
Nimelirudisha.
Nimekwenda kunywa maji, nimerudi, bado lipo.
Nimetuma.

Saa sita kasorobo limekuja jibu:
*Kushoto. Mengine asubuhi, nipo chumba cha upasuaji.*

Kushoto nimekuandika.
Kisanduku cha herufi nimekiacha kitupu,
kinapepesa, kinapepesa,
kama jicho la mtu anayengoja kuambiwa.

Nimepita wodi ya pili nikienda zangu.
Amelala chali, mguu juu ya mito miwili,
anamsimulia wa kitanda cha pili, kwa Kiarabu sasa,
jinsi alivyoudaka ule upanga.
Safari hii umefika juu ya taa za hema.
Safari hii, kabla ya kutua,
amekaa hewani muda mrefu kidogo.